Mzigo si mazoezi

(Maneno ya kamati ya wamama mbele ya mkutano wa chama, hapa Shari, Bunia. Tumeyaandika vile yalivyosemwa, tukaondoa tu yale yaliyorudiwa.)

 

Tuliomba nafasi juu ya maneno mawili yaliyoko mezani. La kwanza ni lile pendekezo kwamba wamama waliopita miaka hamsini watoke katika kundi la salongo linalorudi mashambani, na mbegu yao iwe nusu, juu nguvu zao zimekwisha. La pili ni la wababa wengine wanaouliza kama mazoezi ya siku ya tatu, yale tunayofanya nyuma ya lupango la chama, yaendelee ama yasimame. Wamesikia yanaharibu tumbo la uzazi na yanageuza mwanamke kuwa sawa mwanaume. Sisi kwenye kamati tunaona haya maneno mawili ni neno moja. Upande mmoja munasema mwanamke hana nguvu tena, upande mwingine munamkataza kuitafuta. Sasa atoke wapi?

(Watu walicheka, lakini si wote.)

Tuanze na lile tunalosikia zaidi, tena linatoka midomoni mwetu sisi wenyewe wamama: "Mazoezi ya nini? Mimi tangu asubuhi nimebeba. Nimechota maji, nimeleta kuni, nimetwanga, nimepeleka mihogo sokoni. Mazoezi ni ya watu wa ofisi, wale wanaokimbia asubuhi kwenye boulevard juu matumbo yao yamekuwa makubwa." Maneno haya yana ukweli nusu. Ni kweli mwanamke wa Ituri anabeba kuliko mtu yeyote. Lakini mzigo na mazoezi ni vitu viwili, na hapa ndipo tunataka mutusikilize polepole.

Bidoni ya manjano munaijua. Lita ishirini za maji ni kilo ishirini, na bidoni yenyewe inaongeza kilo moja hivi. Mama anaibeba leo, kesho, kesho kutwa, ile ile, kichwa kile kile, shingo ile ile. Akiwa na malaria anaibeba. Akiwa na mimba ya miezi minane anaibeba. Siku ya pili nyuma ya kuzaa, kama hana dada ama mukwe wa kumsaidia, anaibeba. Hakuna anayemuuliza kama mwili wake umepumzika. Mazoezi ya nguvu yako tofauti: wewe ndiye unachagua uzito, unaanza na mdogo, unainua mara nane ama kumi kwa namna nzuri, unapumzika, unarudia, halafu siku inayofuata unaacha hiyo misuli ilale. Wiki nyingine unaongeza kidogo. Msuli haukui wakati unainua. Unakua wakati umepumzika na umekula. Mtu anayebeba kila siku bila kupumzika hajengi, anatumia tu kile alichokuwa nacho, sawa mtu anayekula mbegu ya kupanda.

Tena mzigo wa kichwani unatumikisha sehemu fulani tu. Shingo na mgongo vinashindiliwa kutoka juu kwenda chini. Misuli ya kifua, ya kuvuta, ya makalio, ya upande wa tumbo, hiyo inalala. Ndiyo maana utaona mama anabeba kilo thelathini za mihogo, lakini akitaka kuinuka kutoka kwenye kiti kifupi anashika meza.

Kuna habari moja ambayo watu wanapenda kuitaja, na sisi pia tunaipenda. Mwaka 1986 watafiti walipima wanawake wa Kiluo na wa Kikuyu kule Kenya, wakitembea na mizigo kichwani ama kwa kamba ya kwenye paji la uso. Waliona kwamba hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili wao, walitembea bila kutumia nguvu zaidi kuliko mtu asiye na kitu. Habari hii ilienda dunia nzima, watu wakashangaa, wakasema mwanamke wa Afrika amepata siri. Vizuri. Lakini hesabu munayo: kwa mama wa kilo sitini, asilimia 20 ni kilo kumi na mbili. Bidoni yetu ni ishirini na zaidi. Na mwaka 2010 watafiti wengine walipima wanawake wa Kixhosa kule Afrika Kusini, na ile siri hawakuiona kwa wote. Wengine walichoka sawa mtu mwingine yeyote. Kule kule Afrika Kusini, jimbo la Limpopo, wanaochota maji waliulizwa wanaumwa wapi, na shingo na mgongo vilitajwa sana. Tunasema hivi juu mara nyingi sifa inatumika kutunyamazisha. "Wamama wetu ni wenye nguvu, wamezoea." Ndiyo, tumezoea. Kuzoea si dawa ya shingo.

Sasa tuje kwa tumbo la uzazi, juu tunajua ndilo linawasumbua wababa, na halikuanza leo wala halikuanza Ituri. Wazungu pia waliliamini. Nyuma ya michezo ya Olimpiki ya 1928, wanawake walikatazwa kukimbia mita 800 kwenye Olimpiki hadi mwaka 1960, juu ilisemekana mwili wao hauwezi. Wakati Kathrine Switzer alikimbia marathoni ya Boston mwaka 1967, watu walikuwa bado wanasema mwanamke akikimbia mbali tumbo la uzazi linaanguka. Marathoni ya wanawake iliingia Olimpiki mwaka 1984 tu, na kuinua vyuma kwa wanawake kuliingia mwaka 2000 kule Sydney. Katikati ya hayo, jirani yetu Tegla Loroupe wa Kenya alishinda marathoni ya New York mwaka 1994, mwanamke wa kwanza wa Afrika kufanya hivyo. Wanawake wamekimbia, wameinua, wakazaa.

Lakini hatutaki kuwadanganya. Ugonjwa wa tumbo la uzazi kushuka uko. Tunaujua, wengine wetu tunaishi nao, na hatuusemi juu ya haya. Unatoka wapi? Zaidi unatoka kwa kuzaa: kuzaa mara nyingi, kusukuma muda mrefu, mtoto mkubwa, kuchanika bila kushonwa vizuri. Umri unaongeza. Kukohoa kwa miaka kunaongeza. Na kubeba mizigo mizito siku chache tu nyuma ya kuzaa kunaongeza. Kule Nepal, nchi ya milima ambako wanawake wanabeba sawa sisi, hili ni shida kubwa inayojulikana. Munaona sasa? Kinachotisha si mama kuinua bidoni ya lita tano mara kumi akiwa amepona na anapumua vizuri. Kinachotisha ni ile lita ishirini ya siku ya pili nyuma ya kuzaa, na hiyo hakuna mwanaume aliyesimama kwenye mkutano kuikataza. Tumengoja miaka, hatujasikia.

Na fistula, juu wengine wanaichanganya na hili. Fistula ni tundu kati ya njia ya uzazi na ya mkojo ama ya choo. Inaletwa na uchungu wa kuzaa uliokaa muda mrefu bila msaada, na hapa kwetu pia inaletwa na ubakaji. Hospitali ya Panzi kule Bukavu, iliyoanzishwa na Dokta Denis Mukwege mwaka 1999, inajulikana dunia nzima kwa kutibu wanawake wenye taabu hiyo. Hailetwi na kuinua uzito. Mama mwenye fistula asiambiwe kwamba aliitafuta kwa kazi yake.

Juu ya mimba: mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani, OMS, lilitoa maagizo mapya. Kwa mtu mzima yeyote, mwanamume ama mwanamke, linasema mazoezi ya kutia misuli nguvu yafanyike siku mbili ama zaidi kwa wiki. Kwa mwanamke mwenye mimba na aliyetoka kuzaa, kama hana kizuizi cha dokta, linasema pia aingize mazoezi ya misuli. Kwa mtu aliyepita miaka sitini na tano, linasema mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara siku tatu ama zaidi. Rudieni hilo la mwisho vichwani mwenu, tutalihitaji. Lakini mwenye mimba anayetoka damu, mwenye presha ya juu, mwenye upungufu wa damu mkubwa, huyo aende kwanza kituo cha afya. Aliyezaa kwa operesheni asiinue kitu kizito kuliko mtoto wake kwa wiki sita hivi, na hapo ni bwana yake na wakwe zake wanaopaswa kuchota maji. Tunamaanisha bwana yake kweli, si mtoto wa kike wa miaka tisa.

Kuna zoezi moja ambalo tunaanza nalo kila siku ya tatu, na wababa hawajaliona juu halionekani. Ni kubana misuli ya chini, ile unayotumia kuzuia mkojo. Unabana, unahesabu hadi tano, unaachilia, unarudia mara kumi. Unaweza kulifanya umekaa kanisani. Misuli hiyo ndiyo inashikilia tumbo la uzazi na kibofu. Wamama wanaovuja mkojo wakicheka ama wakikohoa, hili ni lenu. Musijifunge vitambaa kimyakimya miaka yote.

Lile la kugeuka kuwa mwanaume tutalipita haraka, juu linatuchosha. Misuli mikubwa ya mwanaume inatoka kwa homoni ambayo mwili wake unaitengeneza mara kumi na zaidi kuliko wa mwanamke. Sisi hatunayo hiyo ya kutosha. Wiki za kwanza mtu anapata nguvu bila hata msuli kuongezeka, juu ni mishipa ya fahamu inayojifunza kuita misuli yote kwa wakati mmoja, sawa kwaya inayojifunza kuanza pamoja. Wale munaowaona kwenye picha wamejaa misuli, wanafanya hivyo kila siku kwa miaka, wanakula mayai na nyama kuliko nyumba tatu za hapa, na wengine wanachoma dawa. Kwa maharagi na sombe hautafika huko hata ukitaka. Na kama bwana anaogopa mikono ya bibi yake kuwa migumu, aangalie hiyo mikono sasa, imekuwa migumu tangu zamani kwa jembe.

Tufike kwa wamama waliopita miaka hamsini, juu hapa ndipo kuna mbegu.

Ni kweli kwamba mtu anapoteza nguvu akizeeka. Kuanzia miaka thelathini hivi, kama haitumikishi vizuri, misuli inapungua polepole, na kwa mwanamke, damu ya mwezi ikikoma, mifupa inapoteza unene haraka katika miaka ya kwanza. Anaanguka kidogo, mkono unavunjika. Hayo hatuyakatai. Tunachokataa ni kusema kwamba hakuna la kufanya. Mwaka 1990 kule Boston, Marekani, madaktari walichukua wazee kumi wa nyumba ya kutunzia wazee, wote kati ya miaka 86 na 96, watu dhaifu, wakawapa mazoezi mazito ya miguu wiki nane. Mmoja aliacha. Wale tisa waliobaki, nguvu ya mapaja yao iliongezeka zaidi ya mara mbili. Miaka tisini! Na mwaka 2018 kule Australia ilitoka kazi nyingine, ya wanawake zaidi ya mia moja waliopita kukoma damu, ambao mifupa yao ilikuwa imeanza kuwa myepesi. Nusu waliinua vyuma vizito kwelikweli, mara mbili kwa wiki, nusu saa, miezi minane, na mtu wa kuwaongoza. Nusu wengine walifanya mazoezi mepesi nyumbani. Walioinua uzito, mifupa ya uti wa mgongo iliongezeka. Wa mazoezi mepesi ilipungua. Yaani kile watu wanamkataza mama mzee, ndicho kilimsaidia. Kinachotakiwa ni kuanza kidogo na kupanda ngazi, na mtu wa kuangalia.

Kwenye kituo kimoja cha afya, ambacho hatutakitaja, mama mmoja wetu alienda na maumivu ya mgongo, akaambiwa: "Mama, umezeeka, usiinue kitu tena." Basi. Hakuulizwa anaishi na nani, nani atachota maji. Alikaa. Miezi michache akawa hawezi kuinuka chooni bila kushikwa. Kulala na kukaa ndiko kunakula misuli haraka kuliko umri. Hili sisi tuliokimbia tunalijua mwilini. Wengine wetu walivuka Ziwa Albert mwanzo wa 2018, wakafika Uganda, wakapelekwa Kyangwali. Wengine walikaa miaka kwenye site ya Kigonze hapa Bunia, hema kwa hema, bila shamba la kwenda, wanangoja chakula cha kugawiwa. Wakati tulirudi na kushika jembe, mikono ilitetemeka nyuma ya mistari miwili. Watu walisema ni uzee. Kumbe wengi wetu tulikuwa na miaka thelathini na tano.

Kwa hiyo juu ya pendekezo la nusu ya mbegu, sisi tunasema hivi. Mama wa miaka hamsini na tano asiyeweza leo kubeba gunia hajamaliza nguvu. Nguvu yake imelala. Mpeni miezi mitatu ya mazoezi na chakula mbele hamjamtoa kwenye orodha. Na hata baada ya miezi mitatu, kazi ya salongo si kubeba tu. Kuchagua mbegu, kupanda kwa mstari, kujua ni udongo gani unashika maji, hayo wanayajua wao kuliko vijana waliokulia kambini ambao hawajawahi kuona shamba la wazazi wao. Tena tuseme wazi: wengi wa wamama hawa ni wajane wa vita, na wanalea wajukuu. Nusu ya mbegu yao ni nusu ya sahani ya watoto hao.

Wafadhili wetu wengine walituuliza kwa moyo mzuri kama wanunue mashine za mazoezi. Tunashukuru, lakini hapana. Vyuma tunavyo, ni bidoni. Uzuri wa maji ni kwamba lita moja ni kilo moja, hauhitaji mizani. Mama mgeni anaanza na bidoni ya lita tano isiyojaa. Wiki ikipita anaongeza kikombe ama viwili. Akifika kumi, anajua amefika kumi. Musijaze mchanga mkidhani ni sawa, juu mchanga ni mzito kuliko maji, kwa bidoni ile ile unaweza kuzidi mara moja na nusu.

Tunachofanya ni hiki, kwa wasiojua na kwa wanaotazama kupitia tundu la ukuta. Kukaa na kuinuka kwenye benchi, mikono kifuani, polepole. Kuinua bidoni kutoka chini: miguu imeachana kidogo, bidoni iko karibu na mwili, unasukuma makalio nyuma, mgongo unabaki sawa, unatoa pumzi ukiinuka. Hili ni kubwa kuliko yote juu ndivyo tunavyopaswa kuinua kila kitu nyumbani, hata mtoto. Kusukuma ukuta kwa mikono miwili, na anayeweza anashuka kwenye benchi, halafu chini. Kuvuta bidoni kuelekea kiuno umeinama na mkono mmoja umeshika meza. Kutembea na bidoni mbili, moja kila mkono, kwenda na kurudi. Hapo mabega, vidole na tumbo vyote vinatumika, na shingo inapumzika siku hiyo. Yote hayo dakika arobaini, na kucheka kwingi. Tunavaa suruali chini ya kikwembe, kwa hiyo wale waliosema tunajivua nguo waliona vibaya kupitia tundu lao.

Maumivu? Kuuma kwa misuli siku moja ama mbili ni kawaida, hasa mwanzo. Maumivu ya kuchoma kwenye kiungo, ganzi inayoshuka mkononi ama mguuni, kizunguzungu, kifua kubana, damu, ama kuhisi kitu kinashuka chini: hapo unaacha na unaenda kwa muganga. Mwenye homa halafu anakuja mazoezi, tutamrudisha nyumbani, na tumeshamrudisha mmoja ambaye alikasirika sana.

Kuna jambo gumu ambalo hatuwezi kulifunika. Nyumba inayokula mara moja kwa siku, mama anakula wa mwisho, kinachobaki. Kwa mama huyo mazoezi hayajengi, yanamla. Mwili ukikosa chakula unavunja misuli yake wenyewe. Ndiyo maana kamati imeamua kwamba siku ya tatu kuna uji wa soya na karanga nyuma ya mazoezi, kutoka kwa michango yetu ya likelemba na kile wafadhili waliongeza. Mama yeyote anakunywa, hata aliyekuja kutazama tu. Maharagi, soya, samaki ndogo za Tchomia na Kasenyi, yai mtu akipata: hivyo ndivyo vinajenga. Unga wa makopo unaouzwa kwa vijana wa mjini hatuuhitaji. Na kwa wababa, ombi moja dogo lisilo na gharama: mama asile wa mwisho.

Kwa vijana wa kike, ambao ndio wanaogopa zaidi kuitwa majina, tunawapa habari ya Yolande Mabika. Ni Mukongomani kama nyinyi, wa upande wa Bukavu. Vita vilimtenganisha na wazazi akiwa mtoto, akakulia katika kituo cha watoto waliohamishwa kule Kinshasa, na huko akajifunza judo. Mwaka 2013 alienda Rio, Brazil, kwa mashindano ya dunia, akabaki huko kuomba ukimbizi. Mwaka 2016 aliingia Olimpiki katika timu ya kwanza ya wakimbizi, uzito wa kilo 70, na mkuu wa timu hiyo alikuwa yule yule Tegla Loroupe. Alishindwa mechi yake ya kwanza. Lakini dunia ilimwona mwanamke mkimbizi wa Kongo akiingia kwa nguvu zake mwenyewe, hakubebwa na mtu.

Sasa pesa, juu mhasibu anatuangalia. Tunaomba vitu viwili, na vyote viko kwenye karatasi mliyopewa. Pusipusi mbili, yaani mikokoteni ya kusukuma, za kuchotea maji na kuletea mavuno, moja kwa kila kundi. Mtu atauliza: munataka nguvu halafu munakataa kubeba? Ndiyo. Nguvu tunaitafuta kwa kipimo, na mzigo uende kwenye gurudumu. Pusipusi inabeba bidoni sita kwa safari moja, na hata kijana wa kiume anaweza kuisukuma bila kuona haya, maana tumeona bidoni ya kichwani wanaikimbia. Cha pili ni franga za soya hadi mwisho wa msimu wa mvua.

Juu ya pendekezo la nusu ya mbegu, tunaomba lisipigiwe kura leo. Lingoje miezi mitatu. Wamama kumi na mmoja waliopita hamsini wamejiandikisha, majina yako kwa katibu. Tutawapima wote wiki ijayo: wanainuka kwenye benchi mara ngapi kwa nusu dakika, na bidoni gani wanaweza kuinua kutoka chini bila kupinda mgongo. Tutawapima tena miezi mitatu ikiisha, mbele ya mkutano huu, wababa wakiwepo. Wanaotaka kupimwa pamoja nao, hata wababa, wanakaribishwa. Waje na bidoni yao, na kifuniko, juu wiki iliyopita tulimwaga maji ya mama mmoja yote.